Bangili Alizoleta Sarang

Kwa miezi saba Ketaki na Sarang walisomea urubani kwenye meza yetu ya kulia chakula, na kwa miezi saba nilikaa kwenye bembea ya sebuleni nikiwatazama. Lilikuwa sharti la mwanangu Madhukar. Alisema binti yake akitaka kusoma na kijana ambaye bado hajamchumbia rasmi, basi wasome nyumbani, mlango ukiwa wazi, na Aaji awepo. Aaji ni mimi, bibi yake Ketaki. Nikawepo. Nilichambua dengu, nilikonyoa majani ya uwatu, nilifuma soksi za watoto ambao hawajazaliwa bado, na masikio yangu yalikuwa pale pale mezani.

Sarang alikuwa akija saa nane mchana kutoka kituo cha treni, shati limemganda mgongoni kwa jasho la joto la mji wetu wa Dombivli. Alivua viatu mlangoni na kuvipanga sawasawa kando ya ndala za Ketaki, visigino vikigusana. Sikupata kumwona akivipanga pengine. Kisha hunigusa miguu kwa heshima, hunywa maji glasi mbili, ndipo anafungua kitabu.

Hawa watoto hawakuwa wamewahi kukaa hata dakika moja kwenye kiti cha rubani. Ndivyo mambo yalivyo: kwanza unakaa chini mwaka mzima na vitabu, unafanya mitihani ya maandishi ya serikali, na ukishafaulu ndipo unakwenda chuo cha kurusha ndege ukiwa na kichwa kilichojaa. Walikwishafaulu Hali ya Hewa na Kanuni za Anga. Sarang alikuwa bingwa wa hali ya hewa. Siku moja alimweleza Ketaki ukungu unavyozaliwa kwa kutumia kikombe changu cha chai na kifuniko cha sufuria, nami niliyeishia darasa la nne nikaelewa. Ketaki hakuelewa. Alikuwa anatazama vidole vya Sarang.

Ulibaki mtihani wa Uongozaji, zile hesabu za kuipeleka ndege kutoka hapa hadi pale bila kupotea. Ulipangwa tarehe tisa. Tarehe kumi na mbili ilikuwa sakharpuda, uchumba wao, siku ambayo familia mbili hupeana koni ya sukari na neno linakuwa limefungwa. Baada ya hapo wangekwenda wote wawili Bengaluru, kwenye hospitali ya wanajeshi wa anga, wapimwe afya yote kuanzia utosini, na wakishapewa vyeti wapande treni moja kwenda chuo kimoja.

Mama Sarang ndiye aliyekuja kuposa. Ni karani wa benki, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, asiyependa kuzungukazunguka. Siku ile ya kwanza alikula sahani mbili za pohe na kusema kwamba anamtaka Ketaki kwa sababu mume na mke wa kazi moja hawaulizani ulikuwa wapi. Tulicheka sote. Sulabha, mke wa mwanangu, alilia kwa furaha jikoni, maana posa mbili zilikwishavunjika kwa sababu ya huo huo urubani. Mmoja wa wale waliotangulia aliuliza nani atapika, mwingine akauliza binti atalala wapi akiwa safarini. Mama Sarang hakuuliza lolote.

Jumamosi moja, zikiwa zimebaki siku kumi na sita kabla ya sakharpuda, Sarang alikuja na mfuko mdogo wa karatasi. Nilijua ni nini. Bangili za kioo za sakharpuda huletwa na upande wa mwanamume, na kwa kawaida hununuliwa na mama yake au shangazi. Sarang alikataa. Alitaka kuchagua mwenyewe. Wiki moja kabla alimwomba Ketaki bangili yake moja ya zamani ya kupimia mkono, akaifunga kwenye leso na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akidhani sijamwona.

Alizifungua mezani, juu ya ramani. Dazeni mbili. Zilikuwa nzuri kwa kweli, kioo chembamba, zimenyunyiziwa vitone vya dhahabu, na kila moja ilipita kwenye mkono wa Ketaki bila kubana.

Zilikuwa rangi ya damu ya mzee.

Bibi harusi wetu huvaa kijani. Hilo analijua hata mtoto anayetambaa. Dukani ukisema unataka bangili za sakharpuda, muuzaji haulizi rangi.

Ketaki aliangua kicheko. "Sarang, umechumbia Mpunjabi gani huko sokoni Dadar? Wao ndio huvaa nyekundu. Hizi mpelekee mwenyewe."

Sarang naye akacheka. Lakini alicheka akiwa amechelewa, kama mtu anayesubiri aone wenzake wanacheka nini. Akasema alitaka tu kumtania. Kisha, hata kabla hatujaupokea utani wenyewe, akasema huenda muuzaji alibadilisha mfuko, maana palikuwa na msongamano.

Majibu mawili kwa swali moja. Kicheko cha Ketaki kikaisha polepole.

Aliinuka, akavuta pazia la dirishani, chumba kikawa giza kidogo. Kwenye droo alitoa tochi waliyokuwa wakifanyia mazoezi ya taa za mnara. Redio ya ndege ikifa, mnara humwongoza rubani kwa taa: ya kijani, nyekundu, au nyeupe, na kila moja ina maana yake. Walikuwa wameitengenezea tochi vifuniko kwa karatasi zinazong'aa za peremende. Ni hapo nilipokumbuka kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani. Miezi yote saba, anayeshika tochi alikuwa Sarang. Anayejibu alikuwa Ketaki.

"Leo nashika mimi," alisema.

Ketaki alisimama pembeni ya kabati, mgongo kwetu, akaficha kifuniko cha tochi kwa kiganja, akamulika ukutani. Doa la kijani likatua juu ya kalenda.

"Nyeupe," alisema Sarang.

Ketaki akabadilisha. Nyekundu.

Nilimwona Sarang akikaza macho mpaka mshipa ukasimama kwenye paji la uso. "Kijani," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Ketaki aliizima tochi, akarudi kukaa. Hakufungua pazia.

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, nadhani. Nilijua nikiwa na miaka kumi na minne. Darasani walipaka ramani ya mikoa, nikapaka bahari vizuri na misitu yote nikaifanya jangwa." Alijaribu kutabasamu. "Mwalimu alidhani nafanya mzaha."

"Na daktari aliyekupima tulipoanza kozi?"

Akamweleza. Daktari yule alitumia kile kitabu cha kurasa zenye vidoadoa, unaulizwa unaona namba gani. Wanafunzi wa kozi hupeana picha za kurasa hizo kwenye simu. Sarang alizikariri zote kwa mpangilio kama mtu anayekariri sala, kumi na mbili, nane, sita, ishirini na tisa, hamsini na saba, akamtajia daktari bila kukosea, na alizitaja haraka kuliko wenye macho mazima. Huko Bengaluru ndiko alikokuogopa. Huko kuna taa ndogo kwenye chumba cha giza, na hazina mpangilio.

"Lakini wapo waliopita, Ketaki. Nimesikia. Nyekundu inakuwa hafifu kidogo kuliko nyingine, mtu akizoea anaitambua. Ungenifundisha. Tuna wiki tano kabla ya Bengaluru."

"Nikufundishe kukisia?"

"Kutambua."

"Sarang, ukiwa unashuka, nyuma yako kuna watu wamelala midomo wazi, wamekuamini. Mnara unakuwashia nyekundu. Utakisia?"

Sarang aliinamisha kichwa, akaanza kuzirudisha bangili mfukoni moja moja, na kila moja ililia kidogo. Alipofika ya kumi hivi alisema kitu ambacho nilikisikia kwa shida. Alisema hakuogopa kukosa ndege. Kukosa ndege angekuzoea. Alichoogopa ni kwamba walipendana kwa sababu ya ndege, na ndege ikiondoka hajui kitabaki nini.

Ketaki alinyoosha mkono juu ya ramani akamshika mkono. Miezi saba, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mbele yangu. Nilizitazama dengu zangu.

"Mimi nilikupenda kwa sababu ya kikombe cha chai cha Aaji," alisema. "Ungekuwa mwalimu wa hali ya hewa ningekupenda vile vile. Lakini leo jioni umwambie mama yako. Wewe mwenyewe, kabla ya sakharpuda. Sitaki kuingia nyumbani kwenu nikiwa nimekumbatia siri."

"Na akikataa?"

"Akatae nini? Wewe ni yuleyule."

Alimwambia. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Jumatatu jioni Mama Sarang alikuja na kopo la laddu, vile vitamu vya mviringo, mwanawe nyuma yake. Baba yake hakuja. Alikuwa amejifungia chumbani tangu Jumamosi, maana ni yeye aliyekuwa akiwaonyesha majirani picha ya mwanawe na kitambaa cha suruali ya sare ambayo haijashonwa bado.

Nilidhani mama yake amekuja kuvunja uchumba. Hata kidogo. Alikaa, akapanga ukingo wa sari yake, akasema macho ya mwanawe hayana ubaya wowote, yalimwona Ketaki katikati ya darasa la kozi lenye watu arobaini, hayo ni macho mazuri. Sulabha alishusha pumzi. Chai ikamiminwa. Mama Sarang akaendelea kwamba sakharpuda ibaki palepale tarehe kumi na mbili. Sarang ana shahada ya fizikia, kituo cha kozi kimekwishamwambia wanamtaka afundishe hali ya hewa. Na Ketaki naye ana akili, afundishe kanuni. Wafundishe wote wawili, warudi nyumbani pamoja, wale pamoja.

Mwanangu Madhukar aliweka kikombe chini. Akasema kwa adabu kwamba macho ya Ketaki hayana tatizo.

"Najua, kaka. Ndiyo maana nazungumza mapema." Hapo Mama Sarang alimgeukia Ketaki mwenyewe, na sauti yake ikapungua. "Mwanangu, mimi sikufichi. Nilikutaka kwa sababu mngekuwa sawasawa. Sasa fikiri. Wewe unashuka kwenye ndege na mistari ya dhahabu mabegani, watu wanakupisha, na yeye anakusubiri nje ameshika mfuko wa mboga. Mwaka wa kwanza atakupigia makofi. Wa pili atanyamaza. Wa tatu atakuuliza ulikuwa wapi. Nimemzaa, namjua. Na baba yake namjua zaidi."

Sijui kama alikuwa mkatili. Nimeligeuza neno hilo mara nyingi. Alizungumza kama mtu anayekuonyesha shimo alilokwisha kuingia yeye.

Ketaki alikuwa anamtazama Sarang. Sote tukamtazama Sarang, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango kama mgeni aliyekuja kusoma mita ya umeme. Nilikuwa nasubiri aseme jambo moja tu. Aseme, mama, acha. Hata kwa kunong'ona.

"Si lazima iwe moja kwa moja," alisema. Macho yake yalikuwa sakafuni. "Mama anasema moja kwa moja. Mimi naomba mwaka mmoja tu. Ketaki, karatasi za mitihani zikishapatikana zinadumu miaka mitano. Fanya Uongozaji, faulu, uweke. Tufanye sakharpuda, tuoane, nizoee. Nizoee kuwa mimi siendi. Halafu mwakani uende, nikupeleke mwenyewe stesheni. Mwaka mmoja."

"Unaniomba nikusubiri?"

"Nakuomba usiniache nyuma wiki hii hii niliyoanguka."

Hapakuwa na mtu aliyegusa laddu. Sulabha alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, mwaka mmoja si kitu, na nilimwelewa, kwake mwaka mmoja ulikuwa daraja la kuwavusha wote. Madhukar alisema neno lake la mwisho, kwamba binti ni mtu mzima, achague mwenyewe. Na mwanamume akisema hivyo amejipumzisha yeye, mzigo wote umebaki kwa binti.

Ketaki alifungua mdomo. Sarang akainua mkono.

"Usinijibu leo. Tafadhali. Utanijibu siku ya mtihani, langoni. Mimi nitakuja."

Siku zilizofuata hakuja. Saa nane mchana Ketaki alikuwa akifungua kitabu peke yake. Alisoma vibaya. Alipima mstari uleule kwenye ramani mara nne, akaupata urefu tofauti kila mara. Mama yake alikuwa akipita nyuma yake na habari ndogondogo, leo kwamba ukumbi umethibitishwa, kesho kwamba shangazi wa Nashik amekwisha kata tiketi, keshokutwa kwamba sari ya kijani imerudi kwa fundi na imekaa vizuri sana mgongoni. Hakumsukuma. Alikuwa anaziweka tu mezani kama mtu anayepanga sahani.

Jioni moja Ketaki alikuja kukaa nami kwenye bembea. Tukasukuma kwa miguu kidogo kidogo. Aliniuliza kama ni mwovu. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama mwaka mmoja ni mrefu.

Sikutaka kumjibu. Mimi si mtu wa kuwapangia watoto, na Sarang nilimpenda. Lakini aliniuliza, basi nikamwambia lililonipata mimi. Nilitolewa shule nikiwa darasa la nne. Baba alisema ni mwaka mmoja tu, nimbebe mdogo wangu mgongoni mpaka atembee.

"Akatembea?"

"Akatembea. Akakimbia. Sasa amestaafu."

Hakucheka. Alilaza kichwa begani kwangu, kizito kama alipokuwa mtoto na homa, na tukakaa hivyo mpaka Sulabha akaita kwamba wali umeiva.

Tarehe tisa nilimsindikiza mimi, maana baba yake alikuwa na zamu kazini. Tulipanda treni ya asubuhi, behewa la wanawake. Wenzetu walikuwa wakichambua bamia na kusukana nywele, na mwanamke mmoja alipomwona Ketaki na ramani yake akauliza anasomea nini. Aliposikia ni ndege, alimkatia kipande cha chikki, ile peremende ya karanga, akasema basi siku moja Ketaki amrushe yeye mpaka Kolhapur bure. Ketaki aliitia chikki kinywani na hakuitafuna. Aliiacha iyeyuke njia nzima.

Sarang alikuwa amefika kabla yetu. Alisimama langoni mwa kituo cha mtihani chini ya ukuta, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi alikuwa na kitambulisho na ile karatasi ya kumruhusu kuingia. Alikuwa amekonda. Aliinama kunigusa miguu, nami nikakaa na mkono juu ya kichwa chake muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kisha nikasogea kando hatua mbili. Hatua mbili tu, maana kazi niliyopewa ni kuwepo.

"Unafanya?" Ketaki alimwuliza, akionyesha karatasi.

"Nafanya. Nimesoma miezi saba. Nataka tu kujua kama ningefaulu."

Wanafunzi walikuwa wakipita katikati yao kwenda mlangoni, wengine wakinong'ona hesabu. Mlinzi alitangaza kwamba simu zote ziachwe nje. Ketaki alinipa yake.

"Sarang."

"Sema tu."

"Naenda. Chuo kikifungua naenda. Nikibaki mwaka huu nitakupenda kwa hasira, na hasira hiyo utaiona kila ukirudi nyumbani. Sitaki uione. Njoo tufunge sakharpuda hivyo hivyo. Nikiwa naenda. Nakuomba na mimi."

Aliomba. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walisema msichana alimwacha mvulana aliyepata bahati mbaya. Alisimama kwenye jua mbele ya wageni na kumwomba.

Sarang alimtazama usoni. Alikuwa anamtazama vile alivyokuwa akimtazama mezani kwangu alipodhani nimesinzia, na nikawaza sasa atasema ndiyo, kijana huyu hawezi kumtazama mtu hivi kisha aseme hapana.

"Siwezi," alisema. "Ningekuwa mkubwa kidogo kuliko nilivyo, ningeweza. Mama anasema kweli, Ketaki. Mwaka wa tatu ningekuuliza ulikuwa wapi. Ningeuliza kwa upole, lakini ningeuliza."

"Ungejifunza usiulize."

"Nimejifunza vitu vingi kwa kukariri. Hicho kingeonekana."

Mlango wa kituo ulikuwa unajaa. Ketaki aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia. Akageuka. Alikuwa amekwisha piga hatua tatu Sarang alipomwita tena.

"Kwenye yale maswali ya dira, toa tofauti ya sumaku kwanza. Huwa unasahau."

"Siku hizi sisahau."

"Alhamisi ile ya mwisho ulisahau."

Ketaki alisimama pale, mgongo kwake. "Nitakumbuka," alisema, akaingia. Sarang alisubiri mpaka alipotoweka ndani, ndipo naye akaingia, na kabla ya kuingia alinigeukia akaniambia, Aaji, usikae juani, kuna benchi upande ule lina kivuli.

Nilikaa kwenye benchi hilo kwa muda wa saa tatu. Walitoka kwa milango tofauti.

Madhukar aliwaambia wenye ukumbi kwamba hatutauhitaji. Shangazi wa Nashik alikwisha fika, akakaa siku mbili, akala, akatoa maoni yake, akarudi. Sulabha aliikunja sari ya kijani kwenye kitambaa cha pamba na kuiweka chini kabisa ya sanduku, na kwa wiki nzima hakumsemesha binti yake zaidi ya kumwuliza ameshiba. Ketaki alikwenda Bengaluru na baba yake. Walimpima akawa mzima kila kiungo. Katika muda huo wote hakutoa chozi. Nilikuwa namsikiliza akilala, maana tunalala chumba kimoja, na pumzi yake ilikuwa sawasawa mno, kama ya mtu aliye macho anayeichunga.

Majibu yalitoka siku mbili kabla ya safari yake. Ilikuwa asubuhi, mimi nachemsha maziwa, yeye amekaa sakafuni jikoni na sanduku la safari wazi mbele yake. Alifungua simu, akaandika namba yake ya mtihani. Sabini ndiyo ya kufaulia. Alipata themanini na moja. Mama yake alitoka mbio kwenda kuwasha taa mbele ya miungu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule wa mtihani alimshika binti yake kichwani akambusu.

Tulipobaki wawili, Ketaki aliandika namba nyingine. Hakuitafuta popote. Aliijua.

Akasubiri. Kisha akaigeuza simu nione, ingawa anajua bila miwani sioni kitu.

"Tisini na sita, Aaji," alisema. "Hakuna aliyepata hivyo kwenye kozi yote. Tisini na sita."

Nikamwambia Mungu ni mkubwa, kijana amefaulu.

"Amefaulu," alisema. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akainama juu ya nguo zake zilizokunjwa, na hapo akalia, akalia kama aliyefeli ni yeye.